Wanawake Wadogo wa Ukutani kwa Koko

Juzi, hapa Bunia, muganga wa macho alinitia matone, kisha akanionyesha picha ya ndani ya jicho langu: duara jekundu lenye mishipa kama mizizi. "Hii njo retina," akasema. Rafiki yangu, pale pale nilimkumbuka koko, mama ya mama yangu.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tumekimbia vita kwetu Djugu, tukaja hapa. Mama, koko na mimi tulikaa katika chumba kimoja cha kupanga, dirisha limepigiliwa mbao. Mama alienda sokoni kuuza makala ya kupikia, mimi nikabaki kumchunga koko, aliyekuwa kipofu. Nilisikia majirani wakitwanga sombe, majani ya muhogo, na watoto wakicheza nje. Kutoka sikuweza.

Asubuhi moja koko akauliza polepole, "Wale bamama wadogo wenye kuni, wanaenda wapi?" Aliwaona ukutani, wakifuatana, vitenge vyao vikimeremeta. Hawakusema neno.

Jirani alisikia. Wakaja wamama wa maombi, wakasema koko ana pepo, asile mpaka litoke. Mama aliogopa maneno ya watu, akakubali. Wakafunga mlango kwa nje, wakaondoka na ufunguo, nami ndani, nimpe maji tu.

"Weye pia unaniogopa?" koko aliniuliza. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi.

Koko aliposhindwa hata kuketi, mama alivunja kufuli, akambeba mgongoni mpaka kwa muganga wa hospitali. Huyo alimwangalia macho kwa taa, akamsikiliza hadi mwisho.

"Retina inapokea mwanga," akamwambia mama. "Inachambua rangi, giza na vitu vinavyotembea, inavigeuza kuwa habari. Mshipa unazipeleka kwa ubongo. Retina ya muzee imekufa, haitume kitu tena. Sasa ubongo unajichorea picha zake. Muzee haiko na pepo, na haiko wazimu."

Koko akacheka, mara ya kwanza tangu tukimbie. "Basi tuwaache wapite."

Tangu hapo mama hakuruhusu mtu afunge mlango ule. Jioni koko alinitajia rangi za vitenge, nami nilikodolea macho ukuta mtupu, nikitamani kuona.

Chumba kile kimebomolewa. Koko tulimzika hapa mjini, maana njia ya kwetu ilikuwa bado haipitiki. Muda mfupi kabla hajafa, wale wanawake waliacha kupita. Nilimuuliza wameenda wapi.

"Wamerudi kwao," akasema. "Siye njo tumebaki."