Mkanda wa Kushoto

Fundi huyu ametengeneza matandiko ya farasi kwa miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kupanda farasi hata siku moja. Anaogopa. Ukimwuliza atasingizia kiuno, lakini mkewe, mwenye cherehani chumba cha pili, atakupa ukweli kabla hujamaliza swali. Wateja humwita Bwana Mgongo, kwa sababu ukimsalimu yeye hujibu, "Mgongo wake ukoje?" Anamaanisha mgongo wa farasi. Wageni hudhani amechanganyikiwa.

Binti yao wa pekee hakuurithi woga huo. Alitoka nyumbani kuzunguka nchi tano kwa farasi, safari ya miaka miwili, juu ya tandiko alilolishona baba yake. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili baba aliuliza yale yale: mgongo, kwato, maji. Tandiko likikaa vibaya siku tatu tu, farasi hupata kidonda na safari imekwisha. Hata picha alizotuma binti zilikuwa za mgongo wa farasi, maana ndizo alizoombwa. Mama alipokezwa simu mwishoni, akaenda kuongea chumbani kwake.

Asubuhi moja tandiko likarudi kwa basi ndani ya gunia, lijazwe manyoya mapya ya kondoo. Bwana Mgongo akalipandisha mezani, akavaa miwani, akaanza kulipapasa kama daktari. Manyoya ya upande wa kulia yalikuwa yamelala bapa. Ya kushoto yalikuwa bado yamejaa.

Akaishika mikanda miwili inayoshikilia vikuku, vile vyuma vya kukanyagia. Aliituma mipya miezi sita iliyopita. Farasi hupandwa kutoka kushoto, kwa hiyo mkanda wa kushoto ndio hurefuka kwanza. Hiyo haina mjadala. Huu wa kulia ulikuwa umevutika kwa upana wa vidole viwili. Wa kushoto haukuwa na mkunjo wala jasho. Hakuna mguu uliowahi kukanyaga kikuku chake.

Akakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya ngozi. Alikumbuka mwaka jana binti alivyonyamaza wiki tatu, kisha akapiga na kusema walianguka kwenye mawe wakivuka mto. "Farasi ameumia?" baba aliuliza upesi. "Hapana, farasi mzima." Na yeye akashusha pumzi, akasema afadhali. Kisha binti akasema watapumzika miezi minne, naye akamsifu kwa kumwonea huruma mnyama.

Aliinuka na mkanda mkononi, akaingia chumba cha pili.

"Mama watoto, huyu mtoto hana mguu wa kushoto."

Cherehani ikasimama. Mkewe hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Chini ya goti," mkewe alisema. "Walimkata mwaka jana."

"Unajua?"

"Nilimwuliza hali yake, akaniambia."

"Mwaka mzima nalala na wewe kitanda kimoja, unanificha jambo kama hili?"

"Aliniomba. Alisema, Mama, usimwambie Baba. Akiniuliza habari zangu nitamwambia mwenyewe." Mkewe alikata uzi kwa meno. "Nikawa nangoja kila Jumapili. Nakaa hapa nasikiliza. Mgongo, kwato, maji."

Bwana Mgongo alitaka kugomba. Alikuwa na hasira na mkewe, na binti, na mto asioujua hata jina, na zote zikamrudia mwenyewe. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Alirudi kwenye karakana, akachukua simu, akapiga ingawa haikuwa Jumapili.

Binti alipokea mara moja. "Baba, limefika? Mgongo wake mzuri, usiwe na wasiwasi. Uvimbe mdogo tu karibu na bega, nimeshaukanda kwa maji ya chumvi. Kwato jana zime..."

"Mwanangu," alisema. "Mwache farasi. Wewe hujambo?"

Alisikia farasi akitafuna nyasi karibu na simu, halafu akasikia kiti kikivutwa.

"Ngoja kwanza nikae, Baba," binti alisema.