Bwana Jua Apima Ukutani

Mtaa mzima ulimwita Bwana Jua, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kusuka mota zilizoungua: za pampu, za mashine za kusaga, za feni kubwa za viwandani. Alitoa waya uliokaangika, akasuka mpya mzunguko kwa mzunguko, akapaka vanishi, akakausha. Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo ilimpa vidole vigumu na mdomo usiochoka. Na mdomo huo, tangu asikie redioni habari ya wataalamu wanaotaka kuwasha jua ndani ya mashine, ulikuwa hauna hadithi nyingine.

Ukipeleka mota, ulipewa na somo juu yake. Uliambiwa kwamba nyuklia iliyozoeleka ni ya kupasua atomu nzito, nayo ina taka zake za kutisha. Hii nyingine ni ya kubana atomu nyepesi mpaka ziungane, kama lifanyavyo jua lenyewe. Ukiuliza moto mkali kiasi hicho unawekwa kwenye sufuria gani, basi umemkuna panapowasha. "Sufuria haipo," alisema. "Unashikwa na sumaku, usiguse ukuta wowote. Na sumaku yenyewe ni nini? Waya uliosukwa. Kazi yangu mimi."

Walikuwepo waliokuja bila mota yoyote, kubishana tu. Seremala wa jirani alishikilia kwamba kitu hicho kikipasuka tumekwisha sote. Bwana Jua alimjibu kila wiki, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, kwamba kikiharibika kinazimika chenyewe, kama jiko lililoishiwa gesi. Wengine walisema ni ndoto: kila mwaka unaambiwa bado miaka thelathini, na miaka thelathini iliyopita uliambiwa vivyo hivyo. Hapo upole ulimwisha.

"Imekwisha hiyo," alisema. "Kuna wenzao wasiotumia sumaku, wamepiga kidonge cha hidrojeni kwa miali ya leza. Sehemu za nishati zimeingia mbili, zimetoka tatu. Imebaki kuvuta waya tu."

Sasa nikwambie kilichokuwa kinamkosesha raha. Alikuwa na binti, kitindamimba wake, aliyemaliza shule kwa alama za fizikia ambazo walimu walipigiana simu kuulizana kama ni za kweli. Fomu ya kuchagua masomo ya chuo ilikuwa inafungwa Jumatatu. Baba alitaka fizikia. Yeye shule aliiachia njiani, na hili alilitaka kwa moyo wote. Mama alitaka famasi, maana duka la dawa halijawahi kukosa wagonjwa. Na binti? Kila akiulizwa alijibu, "Bado nawaza."

Jumamosi asubuhi akaja mama mmoja mwenye bustani, amebeba pampu iliyosukwa na fundi mwingine. Maji inatoa vizuri, alisema, lakini umeme wa luku ninaolipia kabla unaisha kama umetobolewa. Fundi yule aliipima nguvu, akamwambia haina neno.

"Aliipimia wapi?" Bwana Jua aliuliza.

"Pale pale inapozunguka."

"Basi amekudanganya, au amejidanganya. Mota inapimwa ukutani, mama. Kwanza tujue umevuta kiasi gani kwenye soketi, halafu ndipo tuulize umepata nini." Akabana mita yake kwenye waya unaotoka kwenye soketi, akawasha. Pampu ilikuwa inakunywa umeme mara mbili ya haki yake. Akacheka, akaiweka mezani aifungue.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwalimu mstaafu, anangoja feni yake. Mzee huyu hakuwa msemaji. "Fundi," alisema, "na lile jua lako? Zile mbili walizipimia wapi?"

"Ukutani, Mwalimu. Kwingine wapi?"

Alijibu bila kupepesa. Lakini neno lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Mwalimu alipochukua feni na kuondoka, Bwana Jua alifuta mikono, akafungua simu, akasoma taratibu, neno kwa neno. Zile mbili ni nishati ya leza iliyofika kwenye shabaha, penye kidonge chenyewe. Ili kuzipata hizo mbili, mitambo ilivuta ukutani kama mia tatu. Mia tatu zimeingia, tatu zimetoka.

Alisoma mara tatu. Kinyozi hajinyoi, wahenga hawakukosea. Kosa ambalo angemfukuzia fundi yeyote karakanani pake, yeye alilitangaza mtaa mzima kama habari njema. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Kisha hofu ikaifuata: binti akijua, fizikia ndiyo basi tena.

Na nani angejua? Mwalimu alishajibiwa na kuridhika. Zilibaki siku mbili tu. Mimi ningenyamaza, sikufichi, na wewe usijitie utakatifu. Bwana Jua alikaa juu ya kreti dakika kumi nzima, akapiga moyo konde, akafunga karakana saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ila kwa msiba.

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo na binti ameinamia fomu mezani. Akachungulia. Kwenye chaguo la kwanza palikuwa pameandikwa kwa penseli: Famasi.

Sasa akisema aliyokuja kusema, si ndiyo anapigilia msumari kwa mkono wake? Akavuta kiti akasema hivyo hivyo.

"Mwanangu, kuna jambo nilikuwa nakwambia sivyo." Akamweleza yote: kidonge, soketi, mia tatu.

Binti aliweka penseli chini. "Kwa hiyo haijakwisha?"

"Haijakwisha. Moto wameuwasha, na hilo si dogo. Lakini mpaka uwashe taa ya mtu, kazi ni nyingi mno. Leza zenyewe zinakula kupita kiasi. Hata kuta za kuzunguka moto ule hawana hakika wazijenge kwa kitu gani zidumu. Itakuwa lini, sijui. Pengine mimi sitaiona."

Mkewe aliacha kukunja. "Baba Watoto, wewe umesema hujui?"

"Nimesema sijui."

"Baba," binti alisema, "miaka yote hii ulituambia imebaki kuvuta waya tu. Nikajiuliza, nisome miaka minne nikakute watu wameshamaliza, wanafunga milango? Ndiyo maana nikaandika famasi."

Bwana Jua alifurahi mpaka macho yakamlowa, na papo hapo akaumia, maana ni yeye mwenyewe aliyekuwa akimfukuza mwanawe kwa majigambo.

"Famasi iandike ya pili," mama alisema, akarudi kwenye nguo zake.

Binti alifuta, akapuliza vumbi la kifutio. "Hizo kuta, nani anazishughulikia?"

"Sijui, mwanangu."

"Vizuri, basi nafasi ipo," alisema, akamwomba baba yake asogee kidogo, alikuwa anamzibia mwanga.