Mkeka Mbele ya Nyumba Mpya

Niliipenda ile nyumba kabla sijaiona. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye karakana ya bandarini, na jioni moja alirudi na habari kwamba wafanyakazi wamepewa nafasi katika mtaa mpya: nyumba za matofali, sakafu ya saruji, bati juu. Kabla hajameza tonge alilokuwa nalo kinywani, mimi nilishachagua rangi ya pazia.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wakiwa na nchi yetu mkononi, au wakidhani hivyo. Sisi tulikuwa tumeoana karibuni, tukikaa kwa wazazi wake katika mtaa wa zamani wa Waislamu hapa Kisangani, hatua chache kutoka msikitini na si mbali na mto. Uani tulikuwa wanawake watano na jiko moja. Mama mkwe wangu alikuwa mtu mwema sana, lakini hakuwahi kupita karibu na chungu changu bila kuchovya kidole. Akishaonja, ananyamaza. Angesema neno ningejibu. Kule kunyamaza ndiko kulikonimaliza.

Kwa hiyo nilitaka nyumba, na nilitaka mlango wa kuufunga.

Lakini katika familia ile hata kununua kuku kulihitaji kikao. Wanaume waliketi barazani jioni tatu au nne wakiupima mtaa mpya kama watu wanaotaka kuuoa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikichambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

"Mayi iko?" baba mkwe aliuliza.

"Iko, papa. Bomba iko ku kona," mume wangu alijibu.

"Na musikiti?"

"Iko mbali kidogo."

"Na mto?"

"Mbali zaidi."

"Donc munaacha mto muzima wa Mungu, munaenda kupanga mustari ku bomba."

Tonton, mdogo wake baba mkwe, alitetea matofali kwa sababu hayaliwi na mchwa, kisha akayashutumu kwa sababu yanahifadhi joto. Alisifu bati kwa sababu halivuji, kisha akakumbuka kwamba mvua ikinyesha juu ya bati watu hawasikizani. Tonton alikuwa hivyo: ukimpa jambo lolote, kufika usiku amekuwa pande zote mbili.

Mume wangu alikwenda mwenyewe kuikagua. Aligonga kuta, akafungua na kufunga mlango mara nyingi, akainama kuchungulia choo kama anayesikiliza injini. Alirudi akasema nyumba ni nzuri, ila iko peke yake. Tulicheka wote, maana nyumba zenyewe zilikuwa zimebanana mstari mzima, zinafanana hadi vitasa.  Mwishowe ikakubaliwa tujaribu, kwa kuwa karani wa nyumba alisema anayetaka kurudisha ufunguo kabla ya mwezi kwisha hatasumbuliwa.

Tukahamia. Siku hiyo nilifunga ule mlango na kuufungua tena kwa raha tu. Nilipika samaki wa kukaushwa kwa mawese na wali, hakuna kidole kilichopita chunguni, nikajiona malkia.

Sasa niseme jambo ambalo kwetu hakuna aliyehitaji kulisema. Mtaani kwetu wanaume hawali ndani. Baada ya sala ya magharibi mkeka unatandikwa barazani, kila mke anatuma sahani yake, na wanaume wa nyumba za jirani wanakula pamoja, huyu akichota kwa yule. Mwanamume anayekula ndani peke yake ama ni mgonjwa ama amegombana na mkewe. Na sahani ndiyo uso wa mwanamke. Ikirudi imefutwa, analala vizuri.

Basi mume wangu alitandika mkeka mbele ya nyumba mpya, pale penye baraza iliyotosha kuku wawili. Nikaleta sahani. Akaketi, kanzu safi, kofia kichwani, akingoja sahani za majirani.

Majirani walikuwa watu wa kila kabila, na wote walikula ndani, pazia limeshushwa. Hakuna aliyetoka. Baadaye akapita mtu aliyetoka upande wa Yahuma, mjenzi aliyekaa mstari wa nyuma, anasukuma baiskeli yake. Alisimama, akatazama sahani, akamtazama mume wangu.

"Papa, munauzisha?"

Mume wangu aliivuta sahani karibu naye.

"Pilipili iko?" yule mtu aliongeza, mkono tayari mfukoni.

Mimi ndani niliuma kanga nisicheke. Lakini mume wangu hakucheka. Alikunja mkeka, akapanda baiskeli yake, akaenda kula kwa baba yake. Kesho yake akaenda tena, na siku iliyofuata. Kila jioni alirudi ameshiba, ananukia mchuzi wa mama yake, ananiuliza kwa upole kama nimekula. Nilikuwa nimekula. Nilikula peke yangu katika chumba kilichokuwa kinarudisha sauti ya kijiko, na nikamchukia, nikaichukia na saruji.

"Kama ni hivi," aliniambia, "mwisho wa mwezi nitarudisha funguo. Mutu hawezi kulala huku na tumbo yake iko kule."

Nililia kidogo, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nyumba ya pili alikaa karani wa posta, Mlokele wa kabila la wavuvi wa mto, mtu wa suruali yenye mkunjo na uma wa kulia chakula. Nilijaza sahani nikampelekea mke wake. Huyo mama, Mungu ambariki, alikuwa amelelewa kama mimi: sahani ya jirani hairudi tupu. Ilirudi na lituma, zile ndizi za kupondwa, bado zinatoa moshi. Tukakaa kwenye ngazi yake nikamweleza habari ya mkeka. Alicheka mpaka akafuta macho, halafu akasema mume wake naye amechoka kutazama ukuta.

Kesho yake, mume wangu alipokuwa anatoa baiskeli, alimkuta karani mbele ya nyumba yetu. Alikuwa amekuja na kiti. Alikuwa amekuja pia na uma.

"Bonsoir, jirani. Bibi yangu anasema hapa watu banakula inje."

Kwetu huwezi kumwacha mtu aliyekwisha kuketi barazani kwako. Mume wangu aliegemeza baiskeli ukutani. Akakaa mkekani, karani akakaa juu ya kiti, goti lake karibu na sikio la mume wangu, na wakala hivyo, mmoja akipeleka tonge na mwingine akishusha uma kama anayevua. Mtu wa Yahuma alipopita safari hii aliitwa. Aliuliza tena habari ya pilipili, akapewa bure. Siku ya pili alileta samaki wake mwenyewe, na uma wa karani ulibaki nyumbani.

Kule mtaa wa zamani waliona nafasi ya mume wangu mkekani iko wazi kila jioni. Ijumaa moja baba mkwe akaja na mama mkwe, kwa miguu, njia nzima. Mzee hakuingia ndani kutazama matofali. Aliketi mkekani, akakitazama kile kiti kwa muda, akaamua kukisamehe. Sahani zikaja, yangu, ya mke wa karani, ya nyumba ya mtu wa Yahuma. Alichota kila moja. Mimi nilisimama mlangoni.

"Bon," alisema, akifuta mkono. "Kesho usikuje kula kwetu. Utakula hapa, na batu yako."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilikimbilia jikoni nyuma, nilikomwacha mama mkwe, nimwambie kwamba ufunguo haurudi. Alikuwa amesikia. Alikuwa amekaa juu ya kibao, mikono mapajani, hata kifuniko cha chungu changu hakukigusa.

"Iko muzuri," alisema. "Iko muzuri, mutoto yangu. Lakini ile sahani ya bwana yako, tangu anapata meno ni mimi njo natuma. Sasa nitamutumia nani?"

Jioni zote zile za kikao walipima maji, msikiti, mchwa na bati, na mimi nyuma ya mlango nilipima mlango. Yeye hakuna aliyempima. Nilikuwa nimeshinda, na moyo uliniuma kweli.

 Nilichukua sahani, nikampakulia, nikakaa chini karibu naye tukaanza kula.