Siku Mke Wangu Aliposhuka Korongoni

Jumapili ile nilikuwa navaa shati la kwendea kanisani wakati mke wangu aliponishika mkono na kusema, "Geuka."

Nikageuka. Nilidhani anataka kuninyooshea kola. Akalivuta shati mpaka bega likawa wazi. Halafu akaweka kidole kwenye mchubuko ulioanzia shingoni na kushuka mgongoni kwa mshazari, mwekundu, na chini yake mingine ya zamani iliyokwisha kuwa myeusi.

"Kucha za nani hizi?"

"Kucha gani? Hiyo ni kamba."

"Kamba," akasema. "Kwa hiyo siku hizi anakufunga?"

Mimi nauza kamba. Muulize mvuvi yeyote kuanzia mjini mpaka visiwani, atakuonyesha duka langu: kamba za nanga, za nyavu, za turubai, za kuvutia magari yaliyokwama. Kwa hiyo niliona nimetoa jibu zuri. Yeye hakuliona hivyo.

"Kamba za dukani zinauzwa kwa mita, hazipandi mgongoni mwa mtu. Jana nimempigia msimamizi wa mpunga wako kule Magu. Hajakuona tangu mavuno. Na wewe kila Jumamosi unaniaga unakwenda kwenye mpunga."

Hapo ndipo nilipoliona begi lake kando ya kitanda, limefungwa zipu.

"Kesho napanda meli, nakwenda kisiwani, Nansio, kwa kaka zangu," akasema. "Sirudi mpaka waje wao kukuuliza. Watoto ni wakubwa, watajipikia."

Mke wangu si mtu wa kupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia. Nikamwambia ukweli, kwamba naenda porini, napanda mawe, nashuka makorongo kwa kamba, basi. Nikausikia ukweli wenyewe unavyotoka kinywani, nikaona hata mimi nisingeuamini.

"Nipeleke," akasema. "Leo hii. Nikamwone huyo."

"Utaona mawe."

"Basi nikayaone hayo mawe yenye kucha."

Lazima nijieleze kidogo, maana asiyenijua ataona natunga. Nimeishia darasa la tano. Nimebeba magunia ya dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapopakua, mpaka shingo ikawa kama ya fahali, nimepasua kokoto juani, nimeuza vipande vya kamba chakavu nikivitandaza chini kwenye gunia. Leo nina duka na nina ghorofa Kiseke, hapa Mwanza, juu ya mwamba ambao mafundi watatu walisema haujengeki. Nikaujenga. Wenye digrii wananipisha njia, na wanapotaka kujenga wanakuja kuniuliza. Sisemi haya kwa kujisifu, ndivyo ilivyo.

Lakini nyumba ilipokwisha, na vijana wa dukani walipoijua kazi vizuri kuliko nilivyotaka, nikabaki sina la kufanya. Nikikaa kwenye kiti miguu inawasha kama imepita kwenye upupu. Kanisani natoka nje kabla mahubiri hayajafika katikati. Mezani nasimama na sahani mkononi. Nilinunua luninga kubwa kuliko zote mtaani, nikaitazama nimesimama mlangoni.

Basi siku moja lori langu likaharibika mbele ya Magu, kule nchi inakokauka, mashamba ya pamba yanapokwisha na kubaki migunga na mawe. Dereva akalala chini ya lori. Mimi nikafuata mto mkavu, nikaingia kati ya vilima, kuta zikanibana pande mbili, nikaparamia, nikashuka, nikararua suruali. Niliporudi jua lilikuwa linazama na dereva anatukana. Usiku ule nililala kama mtoto. Toka hapo sikuweza kuacha. Na sikufuata njia ya ng'ombe wala ya mtu. Njia aliyoitengeneza mwingine hainitoi jasho.

Kwa nini sikumwambia mke wangu? Mtu wa umri wangu, mwenye tumbo hili na jina hili mjini, aseme anakwenda kucheza kwenye mawe kama pimbi? Wangesema nimerogwa. Mpunga ulikuwa rahisi kusema.

Hatukwenda kanisani. Alivaa suruali ya binti yetu, kitenge juu yake, na raba zangu za zamani zilizofungwa kwa nguvu. Tukaipita Magu. Tukaacha lami, tukafika kwenye boma la bibi mmoja mfugaji ambako huwa naacha gari. Bibi alikuwa anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama," mke wangu akasalimia.

"Marahaba. Huyu ndiye mumeo?"

"Ndiye."

"Pole sana, mwanangu."

Mke wangu akaniangalia, kisha akamgeukia tena. "Huwa anakuja na nani hapa?"

"Na nani atakubali?" Bibi akacheka, meno mawili mbele. "Mwanzoni tulisema anatafuta rupia walizofukia Wajerumani. Marehemu mzee wangu akasema hapana, mwenye kutafuta rupia huchimba, na huyu hachimbi. Anapanda, anashuka, anaondoka amechanika. Tukajua ni ugonjwa wa kichwa. Tukamwonea huruma."

Tulipotembea kidogo mke wangu akasema, "Umempanga yule bibi."

"Bibi mzima nimpange?"

"Mwenye kusingizia mpunga hashindwi na bibi."

Basi nikatangulia, kamba begani na madumu mawili ya maji mkononi. Jua la kule halina masihara. Mawe yamekaa kama yamemwagwa na tipa, mengine makubwa kama nyumba, na katikati yake miiba, minyaa na mkonge pori wa kuchoma mapaja. Unapanda kwa magoti na viwiko, unaruka kutoka jiwe hadi jiwe, unakuta ufa usioonekana mwisho wake, unarudi, unazunguka. Mijusi wenye vichwa vyekundu wakawa wanatutazama na kupiga pushapu. Nilitegemea aombe kupumzika, nimsubiri kwa ukarimu. Hakuomba. Kila nilipogeuka alikuwa nyuma yangu, kitenge amekifunga kiunoni, midomo imekaza, anaangalia chini ya kila jiwe kana kwamba kuna mwanamke mzima amejificha pale na vipodozi vyake.

Tukafika penye poromoko. Hapo korongo linaanguka ghafla, urefu wa ghorofa yangu, na chini ni mchanga mweupe kati ya kuta mbili. Ukingoni kuna mkuyu ulioukumbatia mwamba kwa mizizi. Nikazungusha kamba nyuma ya shina, nikaziachia ncha zote mbili zidondoke mpaka chini. Kamba ya nanga, ya dukani kwangu, inazuia boti lenye injini kwenye mawimbi. Itashindwa kunibeba mimi?

"Unaipitisha chini ya paja," nikamwonyesha, "unaivusha kifuani, inapanda begani, inashuka mgongoni, unaishika kwa mkono wa chini. Unakaa juu yake. Ukibana unasimama, ukilegeza unashuka. Nitashika nchani, ukiteleza nitaivuta ikaze."

"Na wewe nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu wa kunifundisha mimi kamba."

Nikashuka kwanza, vizuri, kwa mbwembwe kidogo. Kisha yeye akakaa juu ya kamba, akatazama angani, akasema jina la Bikira Maria, akaanza. Katikati mguu uliteleza na akashuka kwa kasi kama mikono mitatu hivi kabla sijaikaza. Nikasikia "Aaaii!" Alipotua hakunitazama. Alivuta blauzi pembeni, akakunja shingo, akajitahidi kuliona bega lake mwenyewe. Mchubuko ulikuwa pale, mwekundu, wa mshazari, umeanzia shingoni.

Akaugusa. Akaja nyuma yangu, akavuta shati langu, akaangalia, akaangalia lake tena.

"Ni hapa hapa," akasema taratibu.

"Nilikuambia."

"Usiseme nilikuambia. Ungeniambia, bega langu lisingekuwa hivi."

Lakini sauti yake ilikuwa imelegea, na mimi nikapanda kichwa. Nikaona kazi imekwisha, begi litafunguliwa. Kwa furaha nikavuta ncha moja ya kamba, ile nyingine ikapanda, ikazunguka mkuyu, na kamba yote ikatuangukia miguuni. Ndivyo nifanyavyo kila safari, kisha natembea mbele, natokea upande wa pili ambako kuta zinafunguka. Kurudi juu haiwezekani tena. Mwamba ule ni laini kama sahani. Kosa langu ni kwamba niliivuta kabla ya kuchungulia kona.

Tulipopinda kona tukakuta maji.

Miezi ile pale huwa pakavu. Lakini mwaka huu mvua zilichelewa kuisha, na dimbwi lilijaa ukuta kwa ukuta, la kijani, kimya, urefu kama wa uwanja wa kanisa. Nikatupa jiwe. Lilizama na kunyamaza.

"Basi tuvuke," mke wangu akasema, ameshaanza kuvua raba.

"Maji haya yana kichocho."

"Tutakunywa dawa."

"Na mamba je?"

"Mamba kashuka lile poromoko kwa kamba ya nani?"

"Tungoje kidogo. Tufikiri."

Yeye ni Mkerewe. Kwao mtoto anaogelea kabla hajajua kusalimia. Alisimama na raba mkononi akanitazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama samaki sokoni.

"Baba watoto. Hujui kuogelea."

"Nani? Mimi?"

"Unauza jaketi za kuokolea watu!"

"Muuza majeneza naye amekufa?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa mchangani, na kuta zikacheka naye. Kisha akaacha ghafla.

"Ndiyo maana Bunda," akasema.

Kila tunapokwenda ukweni mimi huzunguka na gari kupitia Bunda hadi Kisorya, ambako kivuko kinakata maji kidogo tu, na hata hapo hujifungia ndani ya gari nikaangalia usukani. Yeye na watoto hupanda meli ya Mwanza. Nimewaambia shemeji zangu mara nyingi kwamba meli ni ya wasio na magari. Waliponicheka nikaongeza chumvi.

"Baba yangu amekufa akiamini unaona aibu kukaa na sisi kwenye meli," akasema. "Alisema, mkwe wangu tajiri hapendi harufu yetu. Nami nikaamini. Umemwacha mzee afe na neno hilo kuliko kusema unaogopa maji."

Mimi nina jibu la kila kitu. Muulize mtu yeyote sokoni. Siku ile, kwenye korongo lile, sina njia ya kurudi wala ya kwenda, niliinama nikaanza kufungua kamba za viatu.

Aliinuka, akachukua madumu yetu mawili ya maji ya kunywa. Tukanywa mpaka matumbo yakauma, yaliyobaki akayamwaga. Akafunga vifuniko, akayafunga madumu chini ya makwapa yangu kwa kitenge, akanizungushia kamba kifuani. Fundo alilifunga yeye. Nilitaka kulisahihisha, akanipiga mkono.

Akaogelea mbele na ncha ya kamba kama mtu anayekwenda kisimani. Alipofika ng'ambo akasimama kwenye mwamba akavuta. Maji yakanifika kiunoni, kifuani, kisha mchanga ukaisha chini ya miguu.

Nilipiga teke. Nilipiga mikono. Nikameza maji, nikazunguka kama kuku aliyechinjwa.

"Tulia!"

"Nazama!"

"Huzami, unajizamisha mwenyewe! Acha miguu! Hebu mara moja tu maishani mwako, tulia!"

Nikaacha miguu. Sikuiacha kwa hiari, ilikuwa imechoka. Madumu yakanibeba. Nikaona kipande cha anga kati ya kuta kinasogea taratibu, na mwewe ndani yake, na mtu mwingine ndiye anayenivuta. Sikupenda hata kidogo. Lakini nilifika.

Tulitoka korongoni midomo imekauka, tukatembea kuelekea bomani bila tone la maji. Njiani akaniuliza, "Kwa nini lakini? Una kila kitu."

"Nikikaa miguu inawasha."

"Hilo tu?"

"Ndilo ninalolijua."

Akalipiga jiwe teke. "Angekuwa mwanamke ningejua pa kumkuta. Ningemvua wigi, ningemaliza. Sasa mawe nitayafanya nini?"

Bibi alitupa maji kwenye kibuyu, akaliona bega la mke wangu, akatikisa kichwa. "Na wewe pia," akasema.

Ndani ya gari, taa za Mwanza zilipoanza kuonekana, mke wangu akasema, "Kesho nasafiri kama nilivyosema."

Nikakanyaga klachi bila kubadili gia.

"Na wewe unakuja. Kwa meli. Utakaa na kaka zangu, na utawaambia mwenyewe."

"Niwaambie nini? Yale maji ya porini?"

"Yote. Ya baba kwanza."

Nilikwenda. Wasiopenda kuamini wamuulize nahodha. Begi lake nililibeba mimi, nikasimama katikati kabisa ya sitaha, mbali na ukingo, jaketi la kuokolea limefungwa mpaka kidevuni, la dukani kwangu, la daraja la kwanza. Meli ikaondoka. Mke wangu aliketi kwenye benchi, akaweka mkono mahali pa wazi pembeni yake, akanitazama.

Sikuweza kuketi. Nilikuwa narudia kichwani maneno ya kuwaambia shemeji zangu, na kila nilivyoyapanga yalitoka na majivuno. Ndipo tukapita karibu na kisiwa cha mawe, mawe matupu yaliyopandiana mpaka juu, meupe kwa mavi ya ndege, na upande wa nyuma ufa mrefu wa giza unashuka hadi majini. Nikajikuta nimeshafika kwenye chuma cha ukingoni, nimekishika, shingo imerefuka.

"Mama watoto," nikaita. "Unadhani ule ufa unatokea wapi?"

"Njoo ukae."

"Nakuja," nikasema, na sikwenda mpaka kisiwa kilipopotea.