Mkono Uliopaka Alama

Mtaani walimwita Futi, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa msaidizi wa wapima barabara: kushika fito, kuvuta futi, kupigilia vigingi. Mtu gani hupima kitanda cha arusi kabla hajakilalia? Yeye. Mkewe hajachoka kulisimulia hilo mpaka leo.

Kazi yake aliipenda, na tusimcheke, alikuwa na sababu. Mdogo wake wa kike alikuwa fundi cherehani, na mwaka mmoja wa mvua mtoto wake alizidiwa ghafla. Gari likakwama kwenye matope, na Futi, mjomba mtu, akambeba mgongoni saa nzima mpaka zahanati. Mtoto alipona kwa bahati tu. Tangu siku hiyo Futi alikuwa akiiombea barabara ifike kule kama wengine wanavyoombea mtoto.

Basi barabara ikaja. Ramani ilipokunjuliwa, mstari ulipita katikati ya nyumba ya mdogo wake, vyumba viwili alivyovijenga kwa kushona sare za shule, tofali moja moja.

Futi akamfuata injinia. "Bosi, hatuwezi kuusogeza kidogo? Hata mita nne tu."

Injinia, mtu mwenye utu, akaweka kidole kwenye karatasi. "Nikikwepa hapa, mstari mzima unasogea, na kule mbele unaangukia zahanati. Unataka nibomoe ipi, mzee wangu?"

Jioni ile ile Futi alimweleza mdogo wake yote, naye akasikiliza, akauliza tu watapewa muda gani. Miezi mitatu. Akasema sawa, ameelewa. Mambo yangeishia hapo, kama Futi asingetaka kuongeza wema juu ya wema.

Nyumba za kubomolewa hupakwa alama nyekundu ya mkasi, yaani X, na wapakaji walikuwa watu wa papara. Waliichora kubwa kama mlango, rangi ikichuruzika mpaka chini, huku wakitaniana. Futi akawaza: nyumba ya mdogo wangu haichezewi hivyo. Akaomba aipake mwenyewe. Akachukua brashi ndogo, akachagua pembeni karibu na dirisha, akapiga mistari miwili kwa rula, na rangi haikudondoka hata tone. Alikuwa amepiga goti, ulimi nje kwa umakini, cherehani iliponyamaza ndani.

Mdogo wake akatoka, pini bado ziko mdomoni. Majirani walishajaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mmoja wao akasema, wala hakunong'ona.

Mwanamke akamtazama kaka yake, akaitazama brashi, akarudi ndani. Futi akabaki na kopo la rangi, masikini, akiamini amemsitiri.

Mwaka ukapita. Barabara ikafunguliwa, na sasa wagonjwa wanafika zahanati kabla chai haijapoa; Futi hawezi kuilaani hata akitaka. Mdogo wake alihamia chumba cha kupanga ng'ambo ya mji. Kila Futi alipokwenda kumjulia hali alipokewa kwa heshima zote: shikamoo, kiti kilichopanguswa, glasi ya maji kwenye sinia. Hakukemewa, lakini hakutaniwa pia. Zamani aliingia jikoni kwa dada huyu na kufunua sufuria mwenyewe. Sasa alikuwa mgeni, na ilimuuma kuliko matusi.

Juzi uvumilivu ukamwishia. "Mdogo wangu, nitukane basi, tuyamalize. Nyumba ingevunjwa hata nisingeipaka mimi. Nilitaka tu isishikwe na mtu asiyekujua."

Mguu wa dada ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. "Najua, kaka. Barabara sikuikasirikia. Hata wewe sikukukasirikia."

"Sasa nini?"

"Angepaka mtu baki, ningekukimbilia wewe, nikulilie." Akakata uzi kwa meno. "Siku ile nililia peke yangu. Na baada ya hapo nikazoea."

Futi akainua glasi yake ya maji, akanywa mpaka mwisho. Mdogo wake akamngoja amalize, kisha akamuuliza kwa upole kama amwongezee maji.