Maneno ya Wimbo wa Amal

Wahida aliletwa Jeddah angali mchanga, wazazi wake walipokimbia Unguja baada ya mapinduzi. Huko akakua, akaolewa, akafiwa na mume, akawa anajikimu kwa kushona magauni ya harusi mtaani Al-Nuzha.

Alasiri moja alipeleka gauni la bibi harusi wa ukoo wa jirani yake Amal, mwanamke wa Jeddah aliyepita miaka sabini, ambaye bibi yake aliuzwa hapo utumwani. Amal ndiye aliyekuwa akiongoza ngoma ya wanawake harusini. Siku hiyo walikuwa wakijizoeza nyumbani kwake kwa ajili ya harusi hiyo. Amal alikuwa amejifunga kiunoni mkanda wa kwato za mbuzi, kila akijitikisa kwato zinalia, huku wenzake wakipiga vigelegele.

Wahida akasikia anachokiimba, akaganda mlangoni na gauni lake.

"Mama n'tafute, nipo. Ng'ambo ya maji, nipo."

Matamshi yalikuwa yamepinda, lakini kilikuwa Kiswahili.

"Wayajua maneno haya?" Amal alimwuliza kwa Kiarabu. "Nimeyarithi kwa bibi. Sisi twayaimba kwa furaha tu."

Wahida alitaka kumdanganya, ulimi ukakataa. Akamweleza neno kwa neno.

Vigelegele vikakatika. Amal akaketi.

"Alikuwa akicheza huku machozi yanamtoka," alisema. "Nasi watoto twacheka, twasema bibi kazidiwa na furaha."

Kisha akauliza, "Alitoka mji gani?"

"Wallahi sijui, dada. Wimbo hausemi."

Kwenye harusi ile Amal alipiga ngoma, lakini mdomo hakuufungua. Wiki chache baadaye alianguka kwa kiharusi, na kabla ya Ramadhani akafa. Wahida alipokwenda kuhani, Lina, bintiye Amal, alimvuta pembeni.

"Khala Wahida, wewe ni kama mama mdogo kwangu, nakuomba. Maana ya wimbo ule usimwambie mtu. Wakwe zangu hawajui asili yetu. Halas, yaishe, tuache tucheze."

"Na lile swali la mama yako, bibi alitoka mji gani?"

"Mama amekwishazikwa."

Wahida akachukua buibui lake, akaenda zake. Tangu hapo, kwa kuihofia siri aliyoijua, hakuna nyumba ya ukoo ule iliyomletea kitambaa cha kushona. Mwaka uliofuata macho yakampungua nguvu, mwanawe Anas akamchukua Riyadh, kwenye fleti yake ya Al-Murabba. Mchana kutwa yu peke yake. Anas akirudi kutoka kazini humkuta kakaa dirishani, midomo ikiyatamka chinichini maneno ya wimbo ule, na akimwuliza anawaza nini, humjibu kwamba hawazi kitu.