Mpishi Aliyengoja Bei Ipande

Mume wangu namwita Mpishi, hata mbele ya wageni, maana ndivyo alivyo. Alipika melini tangu ujana wake mpaka magoti yakagoma. Jasho lake lote akalizika ng'ambo, kwenye nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, katika mji ambao meli yao ilikuwa ikitia nanga. Hiyo ndiyo pensheni yetu, alisema. Binti yetu alipopata kazi ya uuguzi mji huohuo akahamia humo, nasi tukalala usingizi.

Mwaka huu usingizi ukaruka. Rais wa kule aligoma kutoka madarakani, askari wakajaa barabarani, na fedha yao ikawa inaporomoka kila kukicha. Ikavuma kwamba nyumba za raia wa kigeni zikikutwa tupu zitachukuliwa na serikali. Jirani wa ghorofa ya chini, mfamasia, akapiga simu: yuko tayari kununua, taslimu, kwa fedha ya kwao.

"Uza," nikasema.

"Tulia, mke wangu. Huyu ana shida. Mwache achoke."

Hapo alikuwa anasema mpishi wa meli. Wapishi wa meli wakifika bandarini hawanunui samaki wala viazi asubuhi. Wanazunguka sokoni wakijifanya hawana haja, mpaka muuzaji achoke ashushe bei. Amefanya hivyo maisha yake yote na hajawahi kushindwa. Sasa yeye ndiye muuzaji, jamani, na bado anangoja mwenzake achoke!

Mfamasia akaongeza bei. Mpishi akatembea sebuleni kifua mbele. "Umeona?" Akaongeza tena. Mimi nikajitupia mtandio nikaenda duka la kubadilisha fedha. Mama wa dirishani akapiga hesabu, akanitazama kwa huruma. Bei hiyo mpya, kwa fedha yetu, haikufika hata nusu ya ile ya kwanza. Nikakaa pale pale kwenye ngazi zao.

Nilirudi nikiwaka. "Mwanamume wewe, unashangilia nini? Wanakuongezea sufuri tu!"

Akanywea. "Basi tungoje kutulie," akasema. "Kuuza sasa ni kuigawa bure." Kumbe naye alikuwa anaogopa, tena kuliko mimi.

Nikampigia binti yetu, simu nikaiweka mezani tusikie sote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Nimekaa sakafuni, bafuni. Wanapiga risasi huko nje. Jana dirisha la jikoni lilivunjika."

"Jana! Na hukusema?"

"Baba angeshtuka."

"Na kazini?"

"Hospitali imefungwa, mama. Wenzangu wote wameshaondoka."

"Sasa wewe unangoja nini huko, mwanangu?"

"Si baba alisema nyumba isikae tupu? Na bei bado haijapanda."

Nikamtazama Mpishi. Alikuwa kajiziba mdomo kwa kiganja. Muda wote ule tuliokuwa tukibishana bei, mtoto wetu alikuwa amekaa kule analinda kuta. Nilitaka kumtukana, nikashindwa, kwa sababu na mimi sikuwa nimemwambia aondoke.

Akainamia simu. "Mama," akasema, ndivyo anavyomwita binti yetu kwa kuwa amerithi jina la bibi yake, mama mzazi wa Mpishi. "Shuka kwa mfamasia. Mpe nyumba kwa bei yoyote atakayotaja."

"Yoyote, baba?"

"Yoyote. Toka humo."

Lilikuwa limebaki shirika moja tu la ndege, nalo tiketi liliuza dirishani, kwa fedha ya pale pale, kwa sababu benki zilishafungia fedha ya nje. Sisi hatukuwa na njia ya kumtumia hata senti; tiketi ingetoka kwenye hela za nyumba tu. Tukakaa mbele ya simu, chai ikapoa. Kila gari lililopita nje nilishtuka kama risasi ni za kwetu.

Simu ilipoita, Mpishi aliidaka kabla yangu. Kwa nyuma watu walikuwa wakipiga kelele, wanagombea mstari.

"Imetosha?" akauliza.

"Imetosha tiketi, baba. Ya kuja tu. Imebaki chenji ya chai."

Mpishi akafumba macho.

"Kanywe, mama," akasema. "Kanywe yote."